Vinywa Sitini na Vinne

Naomba nianze kwa kusema wazi, nisije nikaitwa tena ofisini: mimi sina ugomvi na Serikali. Serikali yetu ni sikivu. Nasikia kuna nchi watu wanapiga kelele mpaka sauti zinakauka na kiongozi hageuki. Sisi wa kwetu walitusikia hata tukimeza.

Jina langu ni Gaudensia, mjane wa marehemu Kasiani, na nilikuwa na shamba la mizabibu. Nasema nilikuwa. Lilikuwa na mistari themanini na miwili, na kwenye kona ya juu amelala Kasiani mwenyewe, kwa sababu alikataa kuzikwa makaburini. Alisema akilazwa mbali mizabibu yake itapogolewa ovyo. Shamba hilo nililipoteza siku niliyokula vizuri kuliko siku zote za maisha yangu, na sikujua kama nimelipoteza mpaka zilipopita siku nane.

Nchi yenyewe siitaji jina. Siyo woga, jamani. Jina lake hubadilishwa kila baada ya uchaguzi, kutegemea mshindi amefurahi kiasi gani, na tangazo la mwaka huu halijafika kwetu.

*

Kijiji chetu kinaitwa Ukame Chini. Ukame Juu nako kupo, ila kule ndiko kwenye maji, kwa hiyo wanaishi viongozi. Kwetu mahindi hukauka yakiwa magotini. Zabibu ndizo zinakubali, na wakulima wa zabibu tulikuwa sitini na wanne, kwenye chama kimoja cha ushirika.

Kiwanda cha Mvinyo cha Taifa kiko hatua mia tatu kutoka shambani kwangu. Ukuta wake nilikuwa nauona nikipogoa, na harufu yake ilikuwa inanifuata mpaka jikoni. Ndani sikuwahi kuingia. Langoni paliwekwa bango: ENEO NYETI, WAKULIMA WA ZABIBU HAWARUHUSIWI. Mvinyo wenyewe tuliujua kwa chupa tupu zilizookotwa nyuma ya ukuta. Kwenye karatasi ya chupa palichorwa kasri la mawe lenye theluji juu ya paa, na chini yake maneno "Fahari ya Ukame Chini". Tulibishana mwaka mzima kasri lile liko upande wa nani.

Sasa, Wizara ya Ardhi, Vinywaji na Furaha ya Wananchi ilikuwa inayataka mashamba yetu. Yaunganishwe yote yawe shamba moja la Mwekezaji. Mwekezaji huyo hakuna aliyewahi kumwona, lakini viongozi wakimtaja walikuwa wanasimama. Mara tatu walikuja na karatasi za kusaini, na mara tatu tulikataa.

Aliyetufundisha kukataa ni mwenyekiti wetu wa ushirika, Ladislausi. Huyu siyo mtu wa kumsikia redioni. Huyu alisimamia ndoa yangu na Kasiani, na siku ya mazishi ndiye aliyebeba jeneza upande wa miguu, akakataa kupokelewa mpaka kaburini. Shamba lake limepakana na langu. Mimi namwita shemeji, naye ananiita shemeji.

"Wana Ukame Chini," alikuwa anasema mikutanoni, "kalamu ni mtego. Ukiletewa karatasi, mikono mfukoni. Asiye na mfuko, mikono kwapani!"

Basi ikawa ndiyo desturi ya kijiji. Hata karani wa sensa alipokuja alitukuta tumekumbatia makwapa. Mara ya tatu mimi nilizidisha, niliichana ile karatasi mbele ya Katibu Tarafa, vipande vinne, nikamrudishia vyote mkononi kwa sababu sipendi takataka shambani. Tangu siku ile watu wakitaka kunyoosha mkono mkutanoni walinitazama kwanza mimi. Nilijisikia sana, sitaficha.

*

Halafu ukaja mwaliko. Wizara, kwa moyo mkunjufu, inawakaribisha wakulima wote wa zabibu kwenye Ziara ya Kuonja Mvinyo na Chakula cha Mchana, kiwandani.

Ladislausi alituita kwenye banda la makreti. Bi Skolastika, ambaye ndiye mkubwa wetu, na ambaye amezalisha nusu ya kijiji, watoto wangu wanne wakiwemo, akauliza kabla mtu hajakaa.

"Kuna kusaini?"

"Hakuna, mama. Nimewauliza mara tatu. Hata kitabu cha wageni hakipo."

"Kuna kutia dole gumba?"

"Hakuna kidole. Ni kula, kunywa na kurudi." Akakohoa. "Ila naomba heshima. Nasikia wageni wa ng'ambo wakionja mvinyo wana tabia ya kuutema. Tusije tukaiga."

Watu waliguna kwa kuudhika. Kwetu hilo halihitaji kufundishwa. Mwenyeji akikupa kinywaji hukinywa kwanza yeye, tunaita kutoa sumu, halafu anakupa wewe nawe unameza. Ukikitema, umemwita mchawi mbele ya watu. Enzi za babu yangu ilikuwa mbuzi wawili na kuomba radhi kwa magoti. Mtoto wa miaka mitatu wa Ukame Chini anaweza kukojoa msikitini au kanisani akasamehewa, lakini hatemi alichopewa.

Hata hivyo Ladislausi alirudia mara tatu. "Tumeze, ndugu zangu. Tusitie aibu." Na mara ya tatu alikuwa ananitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa, na banda zima likaitikia kwa kichwa.

*

Langoni, lile bango lilikuwa limefunikwa kwa kanga mpya. Tulipangwa mstari, tukafanyiwa ukaguzi wa vinywa. Afisa Vinywa wa Wilaya, mwenye koti jeupe na tochi, alimwangalia kila mtu kooni, akampima kwa rula, kisha akambandika namba kifuani.

"Kinywa namba arobaini na moja," aliniambia. "Mama, una koo zuri sana. Pana."

Nikasema asante. Unaposifiwa na Serikali lazima ushukuru, hata ukisifiwa koo.

Ndani palikuwa na ubaridi na mapipa makubwa yamelala safu kwa safu. Tulipewa mtaalamu, Daktari Filbati, aliyesomea kunusa kwa miaka saba nje ya nchi kwa fedha za ushirika wetu. Alizungusha glasi, akaingiza pua yake yote, akafumba macho.

"Mnapata harufu gani?" akauliza.

"Zabibu," tukajibu kwa pamoja.

Akasikitika sana. "Hapana. Hapa kuna ngozi ya kiti cha gari jipya. Kuna uyoga uliokatwa asubuhi yenye ukungu. Kwa mbali, kuna kinanda."

Bi Skolastika akanusa naye, akatafakari. "Mie napata ile dawa ya wadudu tuliyopulizia mwezi wa pili."

Daktari Filbati akaandika jambo kwenye daftari lake, tukaendelea.

Ukumbi wa chakula ulipambwa vitambaa vyeupe. Ladislausi alikuja kukaa kiti cha pembeni yangu, ingawa cha mwenyekiti kilikuwa mbele kwa wakubwa. Niliguswa. Nikasema moyoni, huyu mtu hajabadilika, bado anatukumbuka wa nyumbani. Walipogawa vitambaa vya kufutia midomo, Bi Skolastika alikikataa cha kwake mpaka alipohakikishiwa hakina sehemu ya saini. Tulikuwa macho, msituone wajinga. Kalamu moja iliyodondoka chini ilikaa hapo saa nzima na hakuna aliyeigusa.

Kati ya kila watu wanne paliwekwa ndoo ndogo ya kung'aa, tupu. Tukaona ustaarabu ulioje, wametuwekea za kunawia. Tukanawa. Na nyuma ya kila meza alisimama karani mwenye daftari, anatazama makoo yetu. Nikadhani ni mambo ya afya.

*

Naibu Waziri, Mheshimiwa Onesforo, alisimama akapigiwa makofi, akakaa, akapigiwa makofi, akasimama tena.

"Ndugu zangu wa Ukame Chini! Kuna watu wapotoshaji wanasema Serikali inalazimisha. Mimi nawauliza, je, leo kuna mtu ameshikwa mkono hapa?"

"Hakunaaa!"

"Kuna mtu amepewa kalamu?"

"Hakunaaa!" Hapo tulishangilia mpaka glasi zikagongana, maana tuliona tumeshinda.

"Serikali ya awamu hii hailazimishi. Inamimina! Na mwananchi, kwa uhuru wake, kwa koo lake mwenyewe, anaamua. Hiyo ndiyo demokrasia inayotelemka!"

Kisha karani mkuu akafungua kitabu kusoma kanuni za uonjaji, na wakati huohuo bendi ya magereza ikaanza kupiga. Midomo ya karani tuliiona ikienda. Alisoma kurasa kumi na moja, bendi ikapiga nyimbo nne. Wote wawili walimaliza pamoja, wakapigiwa makofi pamoja.

Glasi ya kwanza iliitwa Maendeleo. Ladislausi, kwa niaba ya wenyeji, alisimama kutoa sumu. Alipiga funda moja, akaketi, akatoa leso mfukoni akajifuta mdomo kwa muda mrefu, na macho yake yalikuwa mekundu. Nikajua ni uchungu wa furaha, mwenyekiti wetu anaonja jasho letu kwa mara ya kwanza. Ukumbi ukanigeukia mimi. Nikainua glasi yangu, nikameza.

Sitadanganya, ulikuwa mchungu na ulikuwa mtamu, na nilimkumbuka Kasiani aliyekufa bila kuujua. Wote sitini na wawili waliobaki wakameza. Ikaja glasi ya Umoja, tukameza, Ladislausi na leso yake. Ikaja ya Baraka. Karani nyuma yetu alikuwa anatia vema, vema, vema.

Halafu chakula. Pilau, nyama ya mbuzi, kuku wa kukaanga, ndizi, kachumbari, na tikiti maji lililokatwa kwa umbo la Mheshimiwa Rais. Hakuna aliyethubutu kuanza upande wa uso. Tulirudi nyumbani tunaimba, mikono yetu safi, haijagusa karatasi hata moja.

*

Siku ya nane nilikuta watu wanasimika bikoni za kupimia ardhi katikati ya mistari yangu. Nikawakimbilia na mkasi wa kupogolea mkononi.

"Nyie! Nani kawaruhusu?"

Dada mmoja wa Wizara, mpole, mwenye miwani, akaniamkia vizuri. Kisha akafungua jalada. "Ni wewe mwenyewe, mama. Kinywa namba arobaini na moja, shamba namba arobaini na moja."

"Sijasaini mimi!"

"Hukusaini, mama. Ulimeza."

Akanisomea pole pole, hapakuwa na bendi. Sheria ya Ridhaa kwa Njia ya Koo, kifungu cha tisa. Mwonjaji atakayemeza kinywaji cha kwanza amekubali kuhama. Atakayemeza cha pili amekubali fidia itakayotajwa baadaye. Atakayemeza cha tatu ameshukuru. Atakayetema, iwe kwenye ndoo iliyowekwa na Serikali kwa ajili hiyo au kwenye leso yake binafsi, amekataa, na uamuzi wake utaheshimiwa.

"Na kaburi?" nikauliza. "Mume wangu yuko pale."

Akapekua. "Makaburi yako kwenye Umoja, mama. Glasi ya pili."

Nikakaa chini palepale kwenye mstari. Yule dada akanishika bega, akanionyesha orodha ili nione kwamba sikuonewa peke yangu. Vinywa sitini na vinne. Waliokubali, sitini na watatu. Aliyekataa, mmoja, na leso tatu zimehifadhiwa kwenye bahasha kama ushahidi. Jina lake lilikuwa Ladislausi.

Nililisoma mara nyingi. Nilitamani iwe ni Ladislausi mwingine, lakini kwetu Ladislausi ni mmoja tu.

*

Nilimkuta anapogoa. Watu kama arobaini walinifuata, sikuwaita, walinifuata tu kama walivyozoea, wakasimama nje ya ua wa minyaa.

"Karibu, shemeji," akasema. Hakuinua macho.

"Sijaja kukaribia. Ulitema?"

"Nilitema."

"Ulikuwa unajua?"

Akaufuta mkasi kwenye suruali, upande huu, kisha upande ule. "Nilijua, shemeji. Waliniita kabla. Wakasema mashamba yatachukuliwa kwa vyovyote, swali ni kwa utaratibu gani. Lakini lazima apatikane mtu mmoja wa kukataa. Wote wakikubali, wafadhili watasema zoezi halikuwa huru. Walihitaji mpinzani. Mmoja tu, mwenye nidhamu."

"Ukajichagua."

"Ningemchagua nani? Ningemchagua mwingine, ungeonekana upendeleo."

Ala! Nilicheka, Mungu shahidi yangu. Nilicheka mpaka machozi yakaja, halafu yakabaki machozi tu.

"Nisikilize, Ladislausi. Serikali siidai kitu. Serikali haikusimamia ndoa yangu, haikubeba jeneza la Kasiani. Nakudai wewe. Ulikaa pembeni yangu, bega limegusana na bega. Neno moja tu ungeninong'oneza. Tema. Mbona ni neno fupi? Ningetema, ningeitwa mchawi, ningelipa mbuzi, na mume wangu angekuwa wangu. Ulishindwaje?"

"Nisingeweza kukuambia wewe," akasema.

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu walishaniuliza watu watamtazama nani. Nikawaambia, Gaudensia. Huyo aliwahi kuchana karatasi, huyo hawamshuku. Nikaomba nikae karibu yako, ili ukiniona natoa sumu usisite. Akimeza yeye, wote wanameza." Akanitazama sasa, na alikuwa anaomba kweli, nilimwona. "Nisamehe, shemeji. Bila wewe nisingeweza."

Ladislausi ana sauti ya mikutano. Hajawahi kujua kuongea taratibu, hata kwenye maziko. Maneno yake yalivuka minyaa yote, na nilipogeuka niliwakuta watu arobaini wameyasikia.

Hawakuwa wanamtazama yeye. Walikuwa wananitazama mimi.

"Jamani," nikasema, "mimi sikujua kitu. Kaburi la mume wangu limeondoka, ningewezaje kujua?"

"Wewe ndiye uliyeinua glasi kwanza," akasema mmoja nyuma. Hakusema kwa hasira, alikuwa anakumbuka tu.

Na ni kweli. Mimi ndiye niliyeinua kwanza. Nilianza kueleza habari ya leso, na macho mekundu, na banda la makreti, lakini maelezo yalikuwa marefu na watu walishaanza kuondoka, wawili wawili.

*

Sasa ua wa waya umeshazungushwa. Wizara imenitumia barua ya pongezi kwa mchango wangu katika kuhamasisha jamii, ikasomwa kwa kipaza sauti cha gari la matangazo, mtaa kwa mtaa, asubuhi na jioni kwa siku tatu. Ladislausi amepewa nishani ya Ujasiri wa Kukataa. Mizabibu yake iko katikati ya shamba la Mwekezaji, kijani, imezungukwa na mashimo ya nguzo, na wageni kutoka nje hupelekwa kuiona kama ushahidi kwamba kwetu mtu akikataa anaachwa.

Jana asubuhi nilipita kwa Bi Skolastika. Alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage kwenye ungo. Huyu ndiye aliyewapokea wanangu wote wanne kwa mikono yake. Na mjue, kwetu shikamoo haikataliwi. Mwizi akipelekwa mahakamani na pingu, akimwamkia mzee njiani, anaitikiwa marahaba kisha anaendelea na safari yake.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa.

Nikadhani ni masikio. "Shikamoo, mama!"

Masikio yake ni mazima. Aliuzungusha ungo akanipa mgongo, akaendelea kuchambua, punje moja moja. Sikuwa na pengine pa kwenda. Nilisimama pale mpaka maharage yakaisha.